Nguzo Kumi na Tisa za Odiel

Odiel Vanacker aliua miti kumi na moja asubuhi moja ya Februari mwaka 1984, kisha akaingia ndani akala viazi na soseji kama mtu aliyefanya kazi ya maana. Alikuwa na msumeno mpya wa mashine, trekta mbili, nguruwe mia tisa, na akili ya kumtosha kuwahesabu. Tofauti kati ya kukata mti na kuua mti hakuijua. Wauza misumeno huwa hawaifundishi.

Jirani yake, Godelieve Tanghe, hakuwapo. Alikuwa amelazwa hospitali ya mji wa Diksmuide, huko Flandria, amewekewa nyonga ya chuma baada ya kuteleza kwenye barafu akienda kukamua. Shujaa Odiel alingoja mjane wa miaka sabini na mmoja avunjike ndipo awashe mashine yake.

Katikati ya Machi teksi ilimrudisha Godelieve nyumbani na magongo mawili. Hakuvua hata koti. Alikwenda moja kwa moja kwenye dirisha la jikoni, kama alivyofanya kila siku tangu aolewe na marehemu Maurits, akatazama nje kuona miti yake ya mierebi. Aliona anga. Mahali palipokuwa na safu ya mierebi minene kando ya mtaro, iliyopandwa na babu yake Maurits kuonyesha mwisho wa shamba lake, palikuwa patupu, udongo umesawazishwa juu kama kaburi la mtu asiyetakiwa kukumbukwa. Na hatua mbili tu kutoka ukuta wa zizi lake palisimama ua: nguzo kumi na tisa na seng'enge safu tatu.

Kati ya zizi na mtaro ilipita njia ya ng'ombe, upana wa hatua nne. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia pekee ya ng'ombe wake watano kwenda malishoni. Sasa njia ilikuwa upande wa Odiel, na malori ya nguruwe yalikwisha kuikanyaga. Ng'ombe walikuwa zizini tangu Novemba, kama ng'ombe wote wa huko wakati wa baridi, na nyasi kavu zilizobaki zingefika mwanzo wa Mei kwa kubana. Zikiisha na njia imefungwa, wauzwe. Mchuuzi wa ng'ombe alikuwa amekwisha kupita mara mbili, akiuliza hali ya nyonga huku macho yake yako zizini.

Odiel mwenyewe alikuja jioni ile ile, mikono mifukoni, kitambi mbele.

"Jirani! Karibu nyumbani. Nyonga inasemaje?"

"Inauliza mierebi yangu iko wapi."

"Mierebi gani?"

"Ile uliyokuwa unakojolea ukitoka kilabuni, Odiel. Kumi na moja."

Odiel akatikisa kichwa polepole, kwa huruma ya kununua dukani. "Ah, Godelieve. Dawa zile za usingizi si mchezo. Shangazi yangu alitoka hospitali akidai ana mtoto padri. Hapa hapajawahi kuwa na miti, mama. Palikuwa na ua huu wa marehemu baba. Aliupigilia mwaka hamsini na moja, akawaachia mlango mpitishe ng'ombe, kwa roho yake nzuri tu. Mimi nimeuziba, basi."

"Baba yako alikuwa na roho nzuri? Basi kweli nimeumwa."

Godelieve akafunga mlango. Alijua Odiel anachotafuta. Sheria ya huko inasema ukikalia ardhi miaka thelathini bila kupingwa, ni yako. Godelieve alikuwa na picha moja ya harusi yenye mierebi nyuma yake, na mitaro ya Flandria yote inafanana. Hakimu wa amani wa wilaya aliposikiliza shauri alilofungua, mwishoni mwa Machi, aliitazama ile picha akairudisha kwa adabu. Kisha akamwita Gerard Dhondt, mtunza kanisa, ambaye kila baada ya miaka sita alikuwa akiikwea mierebi ile ile na kuikata vichwa, na kila baada ya miaka sita alikuwa akinywa supu kwenye meza ya Godelieve.

Gerard alizungusha kofia yake mikononi. "Miti, Mheshimiwa? Nimekata mingi maishani. Ya nani, ya wapi, sikumbuki vizuri."

Wiki ile kila mtu kijijini alisahau vizuri. Nusu yao walimfanyia kazi Odiel, nusu walinywa bia yake. Hakimu akasema atakuja mwenyewe kuona mahali, tarehe tisa Mei.

Aliyekuja kila asubuhi ni nesi Hilde, msichana mkubwa wa miaka arobaini mwenye gari dogo jeupe na ulimi wa kukata kamba. Alimfanyisha Godelieve mazoezi ya mguu na kumletea habari za kilabuni.

"Inua. Tena. Unajua Odiel anajisifu nini? Kwamba zile nguzo ni mierebi yako mwenyewe. Alichagua matawi yaliyonyooka, akayapaka oili chafu na matope yaonekane ya kale."

"Mjinga. Nguzo mbichi ya mwerebi itachipua. Hata mtoto anajua."

"Ndiyo hapo. Kazipigilia kichwa chini. Zote."

Godelieve akaushusha mguu. Huko kila mkulima anajua jambo hilo, amelipata kwa baba yake naye kwa baba yake: mwerebi ukiusimamisha wima unashika mizizi, ukiupindua kichwa chini hauna njia ya kunywa, unakauka. Hakuna aliyewahi kulijaribu, maana hakuna anayejaribu jambo analolijua. Godelieve naye alilijua hivyo hivyo. Alichungulia dirishani akaona kweli, upande mnene uko juu. Siku ile hakula hata uji wake wa maziwa ya mgando.

"Basi kwisha," alisema. "Lile zimwi lina akili moja tu, na limeitumia kwangu."

Kilichofuata mwezi wa Aprili hakukitegemea, na kama si ng'ombe wake kuwa hatarini angelipa kiingilio kukitazama.

Wiki ya pili ya Aprili ule udongo uliosawazishwa ulianza kutoa vidole vyekundu. Machipukizi. Odiel alikuwa amekata mierebi usawa wa ardhi na kuvifukia visiki, na visiki havikuwa na habari kwamba vimekufa. Vilitoka kumi na moja, kwenye mstari ule ule, umbali ule ule, mtu angeweza kupimia kamba. Odiel alitoka na mundu akavifyeka vyote kabla ya misa. Baada ya siku nne vilirudi, na kila kidole kimoja kilikuwa kimeleta ndugu zake saba.

Alimwaga chumvi. Mvua ya Flandria, ambayo haijawahi kumkosea mtu tarehe, ikaisafisha usiku uo huo mpaka mtaroni. Alipiga misumari ya shaba kwenye visiki, maana kilabuni waliapa kwamba shaba ni sumu ya mti. Visiki vikachipua kuizunguka misumari kwa heshima. Alichoma matairi juu yake. Kijiji kizima kilinuka siku tatu, mke wake akaanua nguo zote nyeusi, na wiki iliyofuata majani yalikuwa mapana zaidi, kwa sababu majivu ni chakula.

"Anajua kupika," alisema Godelieve dirishani, kikombe cha kahawa mkononi. "Tazama, sasa anawaletea mchuzi."

Odiel alikuwa analeta tangi la mavi ya nguruwe. Alimwaga lita elfu mbili ili ayaunguze machipukizi kwa ukali wake. Kwa siku mbili yalisinyaa, naye akatembea kifua mbele. Siku ya sita yalikuwa yamefika magotini. Godelieve alicheka mpaka nyonga ya chuma ikamuuma, na Hilde akamkataza kukaa dirishani kama sehemu ya matibabu.

"Unamchekea, mama, lakini hachoki."

"Nani, yeye au mti?"

Mti haukuchoka, Odiel alichoka. Na mtu mwenye fedha akichoka hununua kelele. Siku ya mwisho ya Aprili yalikuja malori manane ya kifusi, matofali ya kanisa lililobomolewa na zege la barabara, yakamwagwa juu ya mstari ule, kisha likapita gari zito la kushindilia tangu asubuhi mpaka jioni. Vyombo vya Godelieve vilitetemeka kabatini. Lilipoondoka pale palikuwa uwanja mweupe mgumu, hauna hata unyasi.

 Visiki kukitoboa kifusi kile kungechukua mwaka, miwili labda. Hakimu alikuwa anakuja baada ya siku tisa. Jioni ile Godelieve alikwenda zizini kwa magongo yake, akasimama kati ya ng'ombe wake waliokuwa wakilamba hori tupu, akalia kwa hasira. Alikuwa amewazalisha wote watano kwa mikono yake. Alijiona bibi kizee mjinga aliyekaa dirishani akishangilia magugu.

Tarehe tatu Mei alifungua mlango wa zizi upande wa ua, amwage maji. Ua ulikuwa hatua mbili tu mbele yake. Kwenye nguzo ya tatu, chini ya lile tope la oili, gome lilikuwa limepasuka, na kwenye ufa kulikuwa na kitu cha kijani, kikubwa kama punje ya ngano. Godelieve akavaa miwani. Kulikuwa na viwili. Nguzo ya nne ilikuwa na vitano. Alitembea ua wote akijishikilia kwenye waya. Hakuna hata nguzo moja iliyokuwa imekufa. Zilikatwa, zikapakwa uchafu, zikapigwa nyundo kichwa chini miguu juu, nazo zilikuwa zinatoa majani kuelekea juu bila kumuuliza mtu juu ni wapi.

"Mababu wote wale," alisema kwa sauti, peke yake, "na hakuna hata mmoja aliyekuwa na akili ya kupindua kijiti kimoja akaone."

Kisha akaogopa. Siku sita. Odiel alikuwa hazitazami nguzo, maana vita vyake vyote vilikuwa kwenye mtaro, lakini machipukizi ya mwerebi hukua kidole kizima kwa siku. Angeyaona kesho, ayanyonyoe yote kwa dakika kumi, na kuzibadilisha nguzo akitaka.

Hilde alipofika alimkuta anatoa mashuka kabatini. Ya harusi yake, ya kitani, ambayo hayakuwa yametandikwa tangu Maurits azikwe.

"Unahama?"

"Nafua. Shika ncha hiyo."

Waliyalowesha wakayatandaza kwenye seng'enge, yakaning'inia pande zote mbili mpaka chini. Miiba iliyatoboa mara moja. Mashuka yaliishia nguzo ya nane. Zikafuata nguo za meza, mapazia, mashati ya marehemu, na jioni Hilde alirudi na mzigo wa mashuka ya watawa wa Diksmuide.

"Wamekubali?"

"Nimewaambia ni ya mgonjwa asiyejizuia. Usiniulize zaidi."

Odiel alikuja kesho yake, bila shaka. Alisimama upande wake wa ua akiangalia ile safu nyeupe, na Godelieve upande wake, kibanio cha nguo mdomoni, shuka limepita katikati yao.

"Unafua nguo za jeshi zima?"

"Mashuka ya miaka, jirani. Nilipokuwa hospitali nyumba ilinuka."

"Na ua wangu umeona unafaa."

Godelieve alikuwa ametukana watu kwa miaka sabini bila kurudia tusi. Maneno kama manne mazuri yalimjia pale pale, yameiva. Akayameza yote.

"Ua mzuri," alisema. "Waya umekazwa vizuri. Nakushukuru, Odiel."

Odiel aliionja ile shukrani. "Unaona sasa? Watu wakielewana hawahitaji mahakama. Uza hao ng'ombe, mama. Pumzika. Mimi nitakutumia nyama ya nguruwe kila Jumapili."

"Mungu akuzidishie."

Aliingia ndani akasukutua mdomo kwa maji ya chumvi. Siku tano alivumilia hayo. Mvua ilinyesha na nguo hazikuanuliwa. Kijijini walisema kichwa cha Godelieve kimekwenda, maskini, nyonga imepanda ubongoni. Gerard, mtunza kanisa, alipita kwa baiskeli akatazama chini. Ng'ombe walipewa nyasi za mwisho tarehe nane, na usiku kucha aliwasikia wakigonga mbao kwa pembe.

Tarehe tisa hakimu wa amani alishuka garini na viatu vya mpira, mtu mwembamba, kimya, na karani wake nyuma akiwa na ubao wa kuandikia. Odiel alivaa suti ya Pasaka. Gerard aliitwa tena, na kofia yake. Nusu ya kijiji ilikuwa na shughuli za ghafla barabarani.

Odiel aliapa. Alieleza vizuri kabisa: baba yake, mwaka hamsini na moja, mwezi Oktoba, nguzo kumi na tisa, na yeye mtoto akimshikia misumari. Alitaja hata hali ya hewa. Njia ya mwongo fupi, lakini yake alikuwa ameiweka lami.

"Madamu Tanghe," alisema hakimu, "niondolee nguo hizi, niuone huo ua wenyewe."

Godelieve na Hilde walianza nguzo ya kwanza. Odiel alikuwa bado anazungumza juu ya roho nzuri ya baba yake waliposhusha shuka la tatu, na karani akaacha kuandika. Nguzo ya tatu, kama mbili za kwanza, ilikuwa imejaa machipukizi toka chini hadi juu, marefu kama mkono, majani membamba yakitetemeka upeponi. Ya nne vile vile. Ya tano. Waliendelea bila haraka, wakikunja kila nguo pembe kwa pembe kama wanavyofundishwa wasichana, mpaka zikasimama zote kumi na tisa zikiwa za kijani.

Odiel alisogea mbele ya nguzo. "Mwerebi ndivyo ulivyo, Mheshimiwa. Hizi huchipua kila mwaka. Huwa tunayakata."

"Tangu hamsini na moja." Hakimu aliinama, akakwangua tope la oili kwa kisu kidogo. Gome lilikuwa bichi, likatoa maji. "Mimi ni mtoto wa mkulima, Bwana Vanacker, wa hapo kijiji cha Lo. Nguzo ya miaka thelathini na mitatu huwa imeoza mguu." Alisimama, akajifuta kidole. "Na huyu aliyezipigilia, awe nani, kazi hakuijua. Mwerebi hupigiliwa kichwa chini, hata wanangu wanajua. Yeye kazisimamisha wima kama mtu wa mjini."

Lilikuwa jambo dogo. Lakini Odiel Vanacker angeweza kuvumilia kuitwa mwizi. Kuitwa mtu wa mjini, mbele ya nusu ya kijiji, kulimchoma pabaya.

"Wima? Nani kasimamisha wima? Nilizipindua zote kwa mikono yangu mwenyewe! Moja moja!"

Barabarani mtu alikohoa. Karani alikuwa anaandika.

"Mwaka gani?" aliuliza hakimu.

 Odiel alizitazama zile nguzo kama mtu anayetazama nguruwe wake wakiongea. Mwishowe hakimu alimwambia karani kwamba hukumu itafuata kwa maandishi, na kwamba kwa leo ng'ombe wa madamu wanatoka. Odiel alitembea kwenda kwake akipita juu ya kifusi chake kizuri cheupe, na suti ya Pasaka ilikuwa imembana mgongoni.

Hapo ndipo wote walipopona usahaulifu. Walivuka mtaro kwa makundi kumpongeza. Mmoja aliikumbuka mierebi kumi na moja, mwingine alikumbuka bundi aliyeishi kwenye ule wa saba. Gerard alikuja wa mwisho, na koleo la kukatia waya mkononi.

"Mimi nilijua tu, Godelieve," alisema kwa upole. "Moyoni nilijua muda wote."

 Matusi yote aliyoyameza siku tano Godelieve bado alikuwa nayo, lakini lililotoka halikuwa mojawapo.

"Ulijua. Mti ulikatwa, Gerard, ukapakwa oili, ukapigiliwa kichwa chini, ukasema. Wewe ulikuwa umesimama wima na supu yangu tumboni."

Gerard akawa mwekundu hadi masikioni. Alingoja aambiwe aende, na hakuambiwa.

"Kata waya," alisema Godelieve. "Kisha ushike hapo, ng'ombe wasije wakajichana."

Akakata, akashika zile ncha kwa mikono miwili, akasimama pembeni kama nguzo ya ishirini. Hilde alifungua mlango wa zizi. Ng'ombe wa kwanza, jike jekundu la miaka kumi na moja, alitoka akiwa kipofu kwa mwanga, akanusa, akainyoosha shingo mpaka nguzo ya kwanza na kula machipukizi yote, toka juu hadi chini, bila kubakiza hata jani.

"Mama, ushahidi!" alipiga kelele Hilde.

"Mwache ale," alisema Godelieve. "Utarudi Alhamisi."